Kisanduku cha Kurekodi na Jora la Buluu

Kazi yetu ni kushona sare za shule. Karakana yetu ina vyumba viwili. Chumba cha mbele kina cherehani tatu, meza ya kukatia na dirisha kubwa linalotazama barabara. Chumba cha nyuma ni stoo. Stoo haina dirisha. Taa yake iliungua zamani, na kila mmoja wetu alimngoja mwenzake aibadilishe. Basi tukazoea kuingia kwa kupapasa.

Cherehani ya kwanza ni ya mume wangu. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi. Ya pili ni yangu. Ya tatu ni ya wifi yangu, mdogo wake Fundi. Yeye anakaa chumba cha uani, kwa hiyo ndiye mwenye ufunguo na ndiye anayefungua asubuhi. Tena ndiye mwenye mkono wa kola. Kola nikishona mimi, mtoto anaonekana amekabwa. Akishona wifi, hata mtoto mtundu anaonekana ana adabu. Kwa miaka sita tulikaa hivyo, tukishona na kutaniana.

Mwaka jana duka la viatu lililo mkabala nasi lilivunjwa. Fundi akakosa raha. Siku ya tatu alikwenda kwenye ofisi moja iliyokuwa inahama. Akarudi na kamera mbili kuukuu na furushi la kebo.

"Sasa bado kisanduku tu," alisema.

"Kisanduku gani?"

"Cha kurekodi. Kamera inaona, lakini haikumbuki. Kisanduku ndicho kinachokumbuka."

Hapo alisema kweli. Mimi nikashauri tumwite Mama Nyaya. Huyu ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, na kazi yake ni kufunga umeme na kamera. Jina lake la nyumbani watu wamelisahau, kwa sababu kila ukimwona amebeba nyaya begani.

Fundi akanuna. "Mimi fundi, yeye fundi. Fundi anamwita fundi wa nini?"

"Wewe ni fundi wa suruali."

"Uzi na waya vina tofauti gani? Vyote vinapita tunduni."

Basi tukaenda wenyewe dukani. Muuzaji alikuwa na maneno ya kasi. "Mnataka DVR au NVR? Chaneli nne, au nane, au kumi na sita? Na diski je, nusu tera au tera nzima?"

Katika maneno yote hayo, mimi nilielewa neno moja tu, nalo ni "au". Nikamtazama Fundi. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Ninamjua mume wangu. Akitikisa kichwa hivyo, hajaelewa kitu.

"Tupe cha bei nafuu," alisema.

Tukapewa NVR ya chaneli nane. Tulipofika nyumbani, kebo za kamera zilikuwa na ncha za mviringo, zile za kusokota. Kisanduku kilikuwa na matundu ya pembe nne, ya waya wa intaneti. Fundi alisukuma, akageuza, akasukuma tena. Wifi akamwambia, "Kaka, hiyo si uzi. Ukilamba ncha haitaingia."

Tulicheka, lakini kisanduku kilirudi dukani. Muuzaji akatubadilishia, akatupa DVR yenye matundu ya mviringo. "Mngesema mapema kamera zenu ni za aina gani," alisema. Tungesemaje, na sisi hatukujua kwamba kamera zina aina?

Safari hii picha ilikuja. Kwenye TV ndogo ya karakana tulijiona wote watatu. Kamera moja ilitazama chumba cha mbele, nyingine stoo. Fundi alitembea huku na huko ili ajione anatembea. Kwa wiki mbili alikuwa anawaambia wateja, "Hapa kila kitu kinarekodiwa."

Halafu akataka kutazama ya jana. Akabonyeza, akabonyeza tena. Hakuna kitu. Wifi akainama kusoma maandishi madogo kwenye skrini.

"Kaka, hapa pameandikwa hakuna diski."

"Diski gani tena?"

Kumbe kisanduku tulichouziwa kilikuwa kitupu. Kilionyesha picha, lakini hakikuwa na mahali pa kuiweka. Wiki mbili zote tulijilinda kwa maneno tu. Mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Kitu chenyewe kinaitwa cha kurekodi, sasa kinauzwaje bila mahali pa kuweka rekodi?

Fundi akatafuta diski kuukuu ya kompyuta, nusu tera, akaiingiza. Asubuhi iliyofuata alikaa mbele ya TV na kikombe cha chai, akajibu maswali ya kisanduku moja baada ya jingine. Kiliuliza lugha. Kiliuliza tarehe. Kiliuliza saa. Kiliuliza neno la siri, akaacha lilelile lililobandikwa chini yake kutoka kiwandani. Alipomaliza alinyoosha mgongo kwa raha. Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Nikashona kitambaa kizuri chenye maua, nikakifunika kisanduku kisiingie vumbi. Wote tukaridhika.

Baada ya hapo ndipo jora lilipopotea.

Ilikuwa Jumatatu. Wiki moja kabla yake, Jumatatu pia, duka la jumla lilituletea majora matano ya kitambaa. Mawili ya buluu iliyoiva, mawili ya kaki, na moja jeupe. Mimi ndiye niliyepokea na kutia sahihi. Sasa nikaingia stoo kutafuta buluu ya pili, maana shule moja ilikuwa inangoja sketi zake. Nikapapasa rafu ya chini. Nikapapasa ya juu. Nikaleta tochi. Jora la buluu halikuwapo.

Fundi alikuwa ametoka kununua vifungo, na wifi alikuwa mbele na wateja. Nikaivuta TV karibu, nikaanza kutazama kamera ya stoo. Nilikwenda kinyumenyume. Jumapili, hakuna mtu. Jumamosi, Fundi anachukua zipu. Ijumaa, mimi. Alhamisi, mimi tena. Nilipofika Jumatano, nikasimama hapo.

Picha ilikuwa ya kijivu, kama usiku. Mlango wa stoo unafunguka. Wifi anaingia taratibu, mkono mmoja mbele, anapapasa. Anashika jora. Analiweka begani. Anatoka. Pembeni mwa picha paliandikwa 03:40.

Nikatoa simu yangu kuhakikisha. Simu yangu ikiandika 03:40, ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Nani anaingia stoo saa tisa usiku?

Fundi aliporudi, nilimvuta pembeni. "Dada yako anatuibia. Saa tisa usiku. Njoo ujionee."

Akatazama mara moja, akakaa chini kwenye kiti. Kwa kuwa nilikuwa nimeshamwambia ni usiku, naye aliona usiku.

Hapa ndipo nilipokosea kuliko Fundi na kisanduku chake. Sikungoja jioni. Sikumwita wifi faragha. Nilisimama katikati ya karakana, mbele ya wateja wawili na mama wa duka la viatu aliyekuja kupima gauni.

"Wifi, Jumatano usiku ulikuwa unafanya nini stoo?"

Akacheka. Alidhani ni utani wetu wa kila siku. "Usiku wa saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika arobaini."

"Saa hizo mimi niko usingizi wa pono. Labda uliniota."

"Kamera haioti. Jora la buluu liko wapi?"

Kicheko kikamkauka. Akamgeukia kaka yake. "Kaka, na wewe unasema hivyo?"

Fundi alitazama sakafu. "Nimeona kwa macho yangu," alisema.

Wifi aliitoa futi yake ya kupimia shingoni, akaikunja. Akaweka ufunguo juu ya meza ya kukatia. Alikwenda uani, akarudi na mfuko mmoja wa nguo, akapita katikati yetu bila kutazama mtu. Mama wa duka la viatu akasema, "Haya, kumbe wezi tunakaa nao." Nilimsikia. Na sikumkanya.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Watoto waliuliza shangazi yuko wapi, nikasema amekwenda kumsalimu dada mkubwa wa baba yao, upande wa pili wa mji. Hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Kola zangu zilirudishwa. Fundi alikuwa anakanyaga cherehani bila uzi bila kujua.

Na mimi kichwa kilikuwa kinanizunguka. Hasira ilikuwapo, lakini haikukaa vizuri. Mwizi gani anacheka akiulizwa? Wifi ndiye aliyeifuta vumbi ile kamera kila Jumamosi. Alijua inapotazama. Basi kwa nini apite mbele yake? Lakini kila nikirudia picha, ni yeye, na saa ni ileile. Sikujua nishike lipi.

Jumatano jioni Mama Nyaya alipita kuchukua ovaroli yake. Wifi ndiye aliyekuwa anaitia viraka.

"Yuko wapi fundi wangu wa viraka?" aliuliza.

Nikamweleza, nikalia. Fundi naye akaeleza. Mama Nyaya alisikiliza huku ameshika ovaroli yenye kiraka kimoja na nusu.

"Nionyesheni hiyo picha," alisema.

Tukamwonyesha. Alitazama mara tatu. Kisha akasema, "Hii ni kamera ya stoo. Dakika hiyohiyo, kamera ya mbele imeona nini?"

Tulitazamana na Fundi. Hatukuwahi kuitazama. Jora linakaa stoo, kwa nini tutazame mbele?

"Kisanduku kinarekodi kamera zote mbili pamoja," alisema Mama Nyaya. "Mtu hawezi kutoka stoo bila kupita mbele." Akabonyeza.

Picha ya mbele ikaja na rangi zake zote. Pembeni 03:40. Dirishani jua limejaa. Barabarani watu wanapita na vikapu. Na kwenye cherehani ya pili nimekaa mimi, nimenyoosha kidole kuelekea stoo, mdomo wazi, ninatoa amri. Wifi anatoka na jora begani. Ninamwonyesha mlango wa nje. Anakwenda.

"Mama," alisema Mama Nyaya, "kwenu jua huwaka saa tisa usiku?"

Picha ile nilikuwa ndani yake, na bado sikuielewa.

Mama Nyaya akamgeukia Fundi. "Siku ulipoweka saa kwenye kisanduku, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai."

"Ukaandika ngapi?"

"Mbili," alisema Fundi. Akakitazama kisanduku. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Niliandika mbili."

"Mashine haihesabu saa kama tunavyozisema," alieleza Mama Nyaya. "Sisi saa moja yetu ni baada ya jua kuchomoza. Mashine inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Saa mbili asubuhi, yenyewe huandikwa 08:00. Wewe ukaandika 02:00. Basi kisanduku chenu kiko nyuma kwa saa sita. Tazameni sasa hivi. Sasa ni saa kumi jioni. Hapo pameandikwaje?"

"10:06," nilisoma.

"Nami kila nikitazama naona sawa!" alisema Fundi. "Saa kumi, kumi. Nikajua mashine ni nzuri."

"Ingekuwa sawa, ingeandika 16:06. Kwa hiyo 03:40 ya kisanduku chenu ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Jumatano iliyopita, saa hiyo, wifi yako ulimtuma nini?"

Sasa nilikumbuka. Nilimtuma apeleke jora la kaki kwa mkataji mwenye mashine ya umeme. Vipande vilirudi jioni ileile. Nilivishona mwenyewe.

"Lakini stoo ilikuwa giza," alisema Fundi. "Na jora lilionekana jeupe, si kaki wala buluu."

"Stoo yenu ni giza mchana na usiku. Kamera hii ikikosa mwanga, huwasha taa yake yenyewe ambayo macho yetu hayaioni. Picha yake huwa haina rangi. Buluu, kaki, vyote huonekana sawa. Kwa hiyo picha ya kijivu haina maana ya usiku. Ina maana ya giza tu."

Nilitaka kukimbia palepale kumfuata wifi. Mama Nyaya akanishika mkono.

"Ngoja. Mmejua hakuchukua Jumatano. Hamjajua jora liko wapi. Mkienda sasa, watu watasema labda alichukua siku nyingine. Majora yaliletwa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Saa nne na kidogo."

"Diski yenu ni ya ukubwa gani?"

"Nusu tera," alisema Fundi.

Mama Nyaya akasogea kwenye TV. Alibonyeza haraka, akatafuta rekodi ya zamani kuliko zote. "Diski ikijaa, kisanduku hufuta ya zamani ili kipate nafasi ya mpya. Kwa kamera zenu mbili, nusu tera ni siku tisa hivi. Leo ni siku ya tisa."

Tuliinama wote mbele ya TV. Rekodi ya kwanza iliyobaki ilikuwa Jumatatu ile, 03:58. Kwa saa zetu ni saa nne kasoro dakika mbili asubuhi. Mama Nyaya akasimamisha kurekodi, akachomeka flashi yake kwenye kisanduku. "Tunahamisha kwanza, ndipo tutazame," alisema. "Mngelala leo bila kufanya hivi, kesho msingekuta kitu."

Tulisubiri flashi ijae. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Kisha tukatazama. Saa nne na dakika kumi mchukuzi wa duka la jumla anaingia na jora jeupe. Anatoka, anarudi na kaki. Anarudi na kaki ya pili. Anarudi na buluu. Kisha ananipa karatasi. Nami nimesimama na simu sikioni, ninacheka, ninatia sahihi bila hata kuitazama stoo.

"Moja, mbili, tatu, nne," alihesabu Fundi. Akarudisha nyuma, akahesabu tena. Yalikuwa manne. Jora la buluu la pili halikuingia kwetu hata siku moja.

Niliona aibu. Sina neno jingine. Nilimwita mtu mwizi kwa kitu nilichoshindwa kuhesabu mwenyewe, huku nikicheka na simu.

Asubuhi yake Fundi alikwenda duka la jumla na flashi. Mweka stoo wao alitazama, akajikuna kichwa, akaingia ndani. Alirudi na jora la buluu lenye karatasi ya jina la karakana yetu. Lilibaki nyuma ya mlango wao siku zote hizo. Aliomba msamaha kwa Fundi. Fundi akamwambia, "Wewe umeniomba mimi. Mimi nina wa kwangu wa kumwomba."

Tulikwenda mimi na Fundi kwa dada yake mkubwa. Wifi alikuwa barazani anashona kwa mkono. Hakusimama.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi," nilisema. "Nilikosea. Jora halikuletwa kabisa."

"Nani kasema?"

"Kamera imeonyesha."

"Na isingeonyesha?"

Fundi akajaribu kueleza habari ya saa, 02:00 na 08:00. Wifi akainua mkono.

"Kaka, hiyo saa mtanieleza kesho. Kile kisanduku mmekaa nacho mwezi mmoja. Mimi mmekaa nami miaka sita. Mliona kivuli changu kimebeba kitu, mkaona mwizi. Hamkuniuliza hata nilibeba nini."

"Nilikuuliza," nilisema, na nikajuta kabla sijamaliza.

"Hukuniuliza. Ulinihukumu kwa sauti ya kuuliza. Ungesema tu, 'Wifi, Jumatano ulitoa jora gani stoo?' ningekujibu ni kaki, uliyonituma wewe. Tungecheka, yakaisha."

Machozi yalinitoka. Fundi naye alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akamwambia, "Nisamehe, dada yangu. Nilitazama sakafu wakati ulikuwa unanitazama mimi."

Wifi alikata uzi kwa meno. "Nimewasikia," alisema. "Lakini mlinisema mbele za watu. Radhi ya barazani haitoshi."

Jumamosi karakana hujaa. Niliwaita wale wateja wawili na mama wa duka la viatu, nikasimama mahali palepale. Nilisema wifi yangu hakuiba, mimi ndiye niliyesoma saa vibaya na kuhesabu majora vibaya, na ninamwomba radhi mbele yao wote. Mama wa duka la viatu alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Na mimi nilichangia. Nisamehe, mwanangu." Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akachukua futi, akaivaa shingoni.

Jumapili Mama Nyaya alikuja na ngazi. Safari hii Fundi mwenyewe ndiye aliyemwita, na alimshikia ngazi.

Kwanza alikitoa kitambaa changu chenye maua. Kisanduku kilikuwa cha moto kama pasi. "Kinahitaji hewa," alisema. "Tena msikiweke hapa mezani. Mwizi akija, atachukua kisanduku pamoja na rekodi yenu." Akakihamishia juu, ndani ya kabati lenye matundu.

Kisha akabadilisha diski. "Diski ya kawaida ya kompyuta itafanya kazi, lakini haikuzoea kuandika mchana na usiku bila kupumzika. Dukani ulizeni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Hii ni ya tera mbili. Mtapata zaidi ya mwezi mmoja."

"Tungejua tangu mwanzo," alisema Fundi.

"Mwanzo wake ni kamera. Ukienda kununua kisanduku, nenda na kipande cha kebo yako mkononi. Ncha ya mviringo, omba DVR. Ncha ya intaneti, omba NVR. Muuzaji akikuchanganya, mwonyeshe kebo. Halafu hesabu kamera. Mna mbili, labda mtaongeza moja. Chaneli nne zinawatosha. Hizo nane mlizouziwa mara ya kwanza mngeweka nini, mbuzi?"

Wifi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu arudi, nami nikakisikiliza mpaka mwisho.

Halafu ikaja saa. Mama Nyaya alimpa Fundi kipanya. "Sasa hivi ni saa tano asubuhi. Andika."

Fundi alitoa simu yake, akaitazama, akaandika 11:00 polepole. Akageuka. "Sawa?"

"Sawa. Kila mwanzo wa mwezi, linganisha na simu. Na kila wiki jaribu kutazama rekodi ya jana. Msingoje siku ya shida ndipo mjue hakirekodi."

Likabaki neno la siri. Mama Nyaya alisema lile la kiwandani kila mtu analijua, lazima libadilishwe. Mimi nikasema kwa haraka, "Apewe wifi. Awe nalo yeye."

Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Silitaki. Kesho kitu kikikosekana, mtasema nimefuta."

Maneno yake yaliniingia, na sikuweza kuyakataa. Hapo ndipo nilipojua kwamba radhi niliyoomba ilikuwa mwanzo tu.

Mama Nyaya akapendekeza njia nyingine. Neno la siri liwe na nusu mbili. Nusu anayo wifi, nusu ninayo mimi. Hakuna anayefungua rekodi peke yake. Na kabla ya kufungua, yule aliyeonekana au anayehusika anaulizwa kwanza, tena faragha. Wifi alifikiri kidogo, akakubali. Akatuambia tugeuke, akaandika nusu yake, kisha nami nikaandika yangu.

Miezi minne imepita. Kisanduku kinafanya kazi juu ya kabati, saa yake iko sawa, na mzigo ukija ninauhesabu kwa kidole, simu ikiwa mfukoni. Stoo ina taa mpya. Shule zimeongezeka, na kola zote anashona wifi. Mbali na kujaribu ya jana kila wiki, rekodi tumefungua mara moja tu, tulipomsaidia mama wa duka la viatu kumtafuta aliyegonga mlango wake kwa mkokoteni.

Wiki iliyopita boksi la zipu nyeupe lilipotea. Nilitafuta mezani, nilitafuta stoo, nilitafuta chini ya cherehani. Joto likaanza kunipanda, na macho yakaenda yenyewe juu kabatini. Nikajizuia. Nikasogea karibu na cherehani ya tatu, nikasema kwa sauti ya chini, "Wifi, boksi la zipu nyeupe umeliona?"

Aliinua macho kutoka kwenye kola. Kisha akatabasamu.

"Leo umeuliza vizuri," alisema. "Liko kwenye kiti chako. Ulikuwa umelikalia tangu asubuhi."